Unataka kujenga ampu yako? Anza na wimbo

Mtu akiniuliza anunue nini kwanza ndio aanze kujenga ampu na spika zake mwenyewe, huwa namwambia asinunue kitu. Achague wimbo.

Wimbo mmoja tu, ule unaujua mpaka pale mwimbaji anavuta pumzi, uliusikia ukiwa mdogo ukiosha vyombo ama ukitumwa dukani, na stima ikipotea katikati unaweza kuumalizia kichwani bila kuruka kitu. Hiyo ndio mita yako ya kwanza, ile ya kupima volti utanunua baadaye na si ghali. Nasema hivi juu hii hobi imejaa namba na namba nyingi unazouziwa huko mjini ni hewa, unaona wufa boksi limeandikwa PMPO 8000W halafu ukigeuza nyuma unakuta inakula wati 40 kutoka kwa ukuta, sasa hizo zingine zinatoka wapi, kwa maombi?

Mimi wimbo wangu ni wa Les Wanyika, wale walijitoa Simba Wanyika mwaka wa 1978 wakaendelea kupigia hapa hapa Nairobi. Si mapenzi tu. Kwa rekodi zao kila chombo kimepewa nafasi yake, unasikia gitaa la ridhimu la Professor Omari Shabani inakatakata pale katikati na besi ya Tom Malanga inatembea chini yake bila haraka, na hawa wawili hawagongani kamwe. Kwa spika mbaya wanageuka uji. Kwa hivyo nikimaliza kuunganisha kitu chochote, hata saa sita usiku, naweka dakika mbili za huo wimbo na nasikiza hao wawili peke yao. Kama siwezi kufuata besi noti kwa noti, kuna mahali sijamaliza kazi. Wewe kama ni mtu wa benga chukua benga, kama ni rumba ya Franco chukua Franco, kama ulilelewa na kwaya ya kanisa basi kwaya, na kwaya kwa kweli ni mtihani mgumu kuliko watu wanavyodhani. Bora usichague wimbo ati kwa sababu jamaa fulani kwa YouTube alisema ndio wa kupimia.

Sasa kuna jambo moja kuhusu hizi kumbukumbu, na ni vizuri ulijue mapema kabla pesa itoke.

Kwetu Eastlands redio ilikuwa moja, spika yake inchi 4, inakaa juu ya kabati na kitambaa cha kufuma chini yake na kingine juu yake. Ilikuwa Idhaa ya Taifa kutoka asubuhi, salamu za wasikilizaji, majina mpaka unachoka, halafu katikati ya salamu ndio zilizopendwa zinaingia. Ningeapa mbele ya hakimu kwamba nilikuwa nasikia ile besi. Lakini waya wa chini kabisa wa gitaa la besi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, yaani 41 Hz, na spika ya inchi 4 ndani ya redio ya plastiki ikifika kama 150 Hz kwenda chini imeshachoka. Kile inatoa ni sauti za juu za hiyo noti, zile za 164 na 205 na kuendelea, halafu ubongo wenyewe unajaza ile ya chini inayokosekana. Hii ni kitu inajulikana vizuri na watu wa sauti, si mambo yangu. Besi ya utotoni mwangu ilitengenezwa na kichwa changu.

Ndio maana watu wengi wakimaliza kujenga mtambo mzuri wanaweka ule wimbo wao wa zamani na wanakunja uso. Mbona haiko vile ilikuwa? Haiko vile ilikuwa kwa sababu sasa unasikia rekodi, si redio yenu. Unasikia mpiga tumba amekaa mbali kidogo na maikrofoni, unasikia kanda inavuma. Kwa hivyo jiulize mapema kama unataka kusikia kile kilipigwa studio ama unataka kurudishiwa sebule ya mamako, maana hiyo ni mitambo miwili tofauti na wa pili ni rahisi sana, nitarudi hapo.

Baada ya wimbo, spika. Si ampu. Karibu kila mtu anaanza na ampu juu ndio iko na taa na vitufe vya kuzungusha, lakini wati ni kitu mjanja. Ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu zaidi (hicho ndio kipimo cha ukubwa wa sauti, dB kwa kifupi), na ili sikio liseme "hii sasa imekuwa mara mbili" unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara 10. Angalia spika ikiandikwa 85 dB na nyingine 91 dB kwa wati moja, ikipimwa mita moja mbele yake. Hiyo ya 91 ukiipatia wati 10 inalingana na ya 85 iliyopewa wati 40. Spika ya zamani yenye hisia nzuri, yaani dB nyingi kwa wati moja, na ampu ndogo itakupa raha kuliko lile li-bodi la "elfu moja wati", na hautaogopa bili ya tokeni.

Za mtumba, zile ex-UK, ndio bora kwa pesa yetu. Beba vitu vitatu: mita, betri moja ndogo ya 1.5V na vipande viwili vya waya. Pima kwa ohm, spika ya 8 itakusomea kama 6 hivi, ya 4 itasoma kama 3 na kitu, ikisoma sifuri ama isisome kabisa rudisha. Halafu weka vidole vya mikono miwili pande zote za koni, sukuma ndani taratibu na usikize kwa karibu. Ikikwaruza, koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, imepinda ama imeungua, hata kama muuzaji anakwambia ni vumbi. Gusa ile pete ya pembeni, kama ni ya sponji na inabaki kwa vidole kama makombo, imekwisha, ingawa inaweza kubadilishwa na fundi mzuri na si mwisho wa dunia. Ya mpira inadumu zaidi. Mwisho gusisha betri, chanya kwa alama nyekundu, koni itaruka nje. Ikiruka ndani, pengine mtu alifungua hiyo spika akageuza waya, na ukiipanga na mwenzake ambaye haijageuzwa besi zitauana zenyewe kwa zenyewe na utalaumu ampu mwezi mzima.

Boksi nalo. Kuna hesabu kamili ya boksi, ile kina Thiele na Small walifanyia Australia, na ni nzuri sana kama spika yako ilikuja na karatasi. Ya mtumba haiji na karatasi. Kwa hivyo mimi nashauri boksi lililofungwa kabisa bila tundu, kwa sababu linasamehe. Tundu likiwa na kipimo kibaya unapata besi ya noti moja, ile ya buum-buum kama matatu ya usiku, na Malanga wako ameenda. Zidisha upana, urefu na kina kwa sentimita za ndani, gawa kwa 1000, hizo ndio lita: 25 kwa 30 kwa 40 ni lita 30, na spika ya inchi 8 nyingi zitakaa hapo bila kulalamika. MDF ya milimita 18, Gikomba ama hadwea yoyote iko na mashine watakukatia, wewe uende na vipimo vimeandikwa na usiondoke hapo mpaka umepima kila kipande. Gundi ya mbao kila ukingo, silikoni ndani, halafu toa pamba ya mto wa zamani uijaze kiasi. Kama kuna tundu hata la sindano utalisikia likipiga mluzi.

Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, inataka kapasita isiyo na chanya na hasi, ifungwe mfululizo na twita, ndio besi isiiue. Kwa twita ya 8 ohm, 4.7 µF inapunguza kila kitu chini ya kama 4200 Hz. Inatosha kwa kuanza, usiingie mambo ya krosova kubwa, zile saketi za kugawa sauti kati ya spika, bado.

Sasa ndio ampu, na hapa niko na msimamo. Ya kwanza isiguse stima ya ukuta. Chukua bodi ndogo ya ampu yenye chipu ya TPA3116, inakubali volti kutoka 4.5 mpaka 26, na uitilie chaja ya laptop ya 19V, zile zimejaa kwa kila droo Nairobi hii na laptop zake zilikufa kitambo. Utapata karibu wati 20 kila upande kwa spika za 8 ohm. Najua kuna wazee wetu wataniambia hiyo si ampu, ampu ni transfoma na joto na harufu ya vumbi likiungua. Sawa. Lakini 240V haibembelezi mtu, na mimi napenda wasomaji wangu wakiwa hai.

Ukishazoea kuchomelea, jenga ya transfoma, LM1875 ama LM3886 ni chipu za heshima. Transfoma ya 12-0-12 ikipita kwa dayodi na kapasita haitoi 12 tena, inatoa kama 15 na nusu kila upande, na ikiwa haina mzigo hata zaidi, kwa hivyo angalia volti ya kapasita kabla ya kununua. Mara ya kwanza unawasha, pitisha stima kwa balbu ya zamani ya waya ndani, ya wati 60, imefungwa mfululizo na hiyo kazi yako. Ikimulika kidogo halafu ififie, uko sawa. Ikiwaka tu kama ya jikoni, zima, kuna mahali umeunga vibaya na balbu imekuokolea chipu na nyusi. Kisha pima DC, volti kama ile ya betri, kwa waya za spika kabla spika ikaribie hapo, ikizidi milivolti 100 usiunge. Na boksi la chuma la ampu lazima lifungwe kwa waya wa kijani na njano, ule wa ardhini, hii sitaki mjadala.

Chipu feki ziko. Kuna duka moja mjini niliuziwa transista za 2N3055 nyepesi kama kifuniko cha soda, nikafungua moja kwa msumeno, kipande cha silikoni ndani kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Njia ya kuaminika zaidi ni kutoa chipu kwa ampu iliyokufa sababu zingine, na mafundi wa hapo Luthuli na River Road wako nazo kwa makopo, ukienda mapema kabla wateja wajae na ukiongea vizuri na fundi watakuonyesha.

Wale wa santuri, mkitoka Kenyatta Market na 45 zenu mkiwa na furaha, jueni kichwa cha sindano cha sumaku kinatoa milivolti chache tu, na santuri ilikatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimepandishwa. Lazima upitie kwa bodi ndogo ya fono inayogeuza hayo, la sivyo ukichomeka moja kwa moja utasikia bendi imefungiwa chooni.

Kuna Jumapili tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu Buruburu, kila mtu na chuma yake, na kelele nyingi huwa ni za mdomo si za spika. Kitu moja nimejifunza kwa hao wasee: mkilinganisha ampu mbili, kwanza sauti zilingane kabisa, pimeni kwa mita kwa waya za spika. Ile iko juu hata kwa desibeli moja ndio kila mtu atasema ni "safi zaidi". Tukifunika kwa shuka na kulinganisha hivyo, mabishano hupungua vibaya sana, na mwenye waya za bei ya shamba hukumbuka ako na safari.

Sasa ule mtambo wa pili nilisema nitarudi. Mamangu alikuja akasikiza spika zangu za inchi 8, akakaa, akaniuliza kwa upole mbona nyimbo zimekuwa nzito. Nikamwekea swichi nyuma ya boksi. Ukiibonyeza, sauti inapita kwanza kwa kapasita 2 za 220 µF zimefungwa hasi kwa hasi, hiyo ni kama 110 µF, na kwa spika ya 8 ohm inaanza kupunguza kila kitu chini ya 180 Hz hivi. Punguza twita kwa rezista ya ohm 10, ya wati 5 isiungue, na uchomoe upande mmoja ibaki spika moja. Yeye akija ndio anaitumia, na gharama yake yote ni chini ya nauli ya kwenda kununua hizo kapasita.