Viti vya kukaa nje Goma: chuma au mbao?

Dada, umesema umehamia Keshero, uwanja wako ni mawe matupu ya volkano, na fundi wa kuchomelea amekuhakikishia kuwa meza na viti vya chuma vitakaa nje miaka yote bila shida. Mimi ningechukua mbao.

Sababu ni moshi wa volkano ya Nyiragongo. Una gesi ya salfa, na upepo ukiuleta mjini gesi hiyo huchanganyika na mvua, maji yakawa na asidi. Angalia mabati ya mtaani kwako: zinki inaliwa kwanza, halafu kutu inafuata. Kiti cha chuma kinanyeshewa maji hayohayo, tena huanza kuoza usipopaona, ndani ya bomba. Kwangu nilikwangua rangi kwa ukucha pale mguu ulipoungwa na kikalio. Rangi ikatoka na chuma chake, vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Kwa nje kiti kilikuwa bado kinang'aa.

Kama umeshalipa avansi, msimamie fundi. Azibe ncha zote za mabomba, asugue maungio mpaka yawe meupe, apake rangi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi ya urembo. Kila kiangazi, Julai au Agosti, rudia maungio kabla mvua za Septemba hazijaanza.

Kwenye mbao, ulizia mbao ya mti uitwao libuyu, iliyokauka. Mikaratusi ni rahisi, lakini ikipigiliwa mbichi hupinda na kupasuka, na jua la huku, mita 1,500 juu ya bahari, halina huruma. Beba mbao mbili za kipimo kimoja: ukiona moja ni nzito kuliko mwenzake, huenda bado ina maji. Kikalio kiwe cha vipande vilivyoachana kidogo, maji na majivu vipite. Afunge kwa skrubu zisizoshika kutu; misumari ya kawaida huacha madoa meusi ambayo hayatoki.

Vanishi inapendeza, ila jua likiipasua maji huingia chini yake na mbao kuoza kimyakimya. Mafuta ya kitani ni bora, unaongeza tu bila kukwangua yote. Ncha za miguu zinywe mafuta mpaka zikatae, maana ndizo zinazofyonza maji, kisha kila mguu ukae juu ya kipande cha saruji ili meza isicheze juu ya mawe.

Na hili tafadhali waambie watoto pia: majivu ya volkano yakidondoka, msifute kwa kitambaa kikavu. Ni chembe kali za kioo na mawe, zinakwaruza mbao, rangi, hata plastiki. Mwaga maji kwanza yateremke, ndipo ufute. Bashi (turubai) la kufunikia nalo lisifike chini. Acha hewa ipite.