Jua likizama, Ouarzazate bado inatoa umeme

Kaka, umesema kituo cha umeme wa jua cha Ouarzazate kule Moroko huzimika jua linapozama. Hapana, hakizimiki. Usikilinganishe na paneli tunazofunga kwenye mabati hapa Moshi. Sehemu yake kubwa ni vioo: vinalifuata jua, vinaelekeza mwanga wake sehemu moja, joto linachemsha maji na mvuke unazungusha mtambo wa umeme. Kituo kina sehemu nne, Noor I hadi Noor IV. Noor III ina mnara wa karibu mita 250, na vioo vyake vyote vimeuelekea.

Siri iko kwenye chumvi. Si ya mboga, ni mchanganyiko wa nitrati ya sodiamu na ya potasiamu, iliyoyeyushwa na kuhifadhiwa kwenye matangi makubwa ikiwa ya moto. Usiku wanalichota joto hilo. Noor I, iliyoanza 2016, ina akiba ya saa 3 hivi. Noor II na III kama saa 7. Yaani jioni watu wanapowasha taa na kupika, umeme bado upo.

Ila una haki kidogo: Noor IV, megawati 72, ni paneli za kawaida, hiyo ndiyo inayolala jioni.

Mimi ni fundi sola, na wateja huniuliza kwa nini tusijenge kitu kama hicho huku. Vioo vinataka jua kali la moja kwa moja. Wingu la Julai likitanda hapa Moshi, paneli yako bado inachaji kidogo kidogo, lakini vioo havipati kitu.