Bima Towers na mitaa yake: jibu kwa mgeni wa Digo Road

Umepata kazi Bima Towers hapa Mombasa, unatoka Nairobi, na unauliza jengo likoje, mitaa yake ikoje, na kama upange nyumba kisiwani au uvuke daraja ukakae Nyali. Mimi nimefanya kazi ghorofa za juu za jengo hilo miaka sita, karani tu, kwa hiyo chukua haya kama maneno ya mtu aliyepanda na kushuka kila siku.

Nianze na ule utani wako kwamba Bima si kitu mbele ya KICC, jumba lenu la mikutano huko Nairobi. Haya, KICC ina ghorofa 28, mita 105, na imesimama tangu 1973. Kwa urefu mmetushinda. Lakini kwenu jengo refu jirani yake ni jengo refu jingine. Bima iko Digo Road, ambayo wazee wetu wangali wakiiita Salim Road, na wengi wetu tunaihesabu barabara hiyo kuwa ndiyo mpaka wa Mji wa Kale. Upande wa mjini ni mabenki na maofisi. Ukiingia vichochoro vya Mji wa Kale unakuta nyumba za ghorofa mbili tatu, roshani za mbao, na eneo zima liko chini ya hifadhi, hata mwenye nyumba hawezi kupandisha ghorofa apendavyo. Basi jengo letu likisimama pale linaonekana jitu. Nilipokuwa mgeni nikipotea Kibokoni, nilikuwa nikiinua kichwa tu kulitafuta.

Ukipewa meza ya upande wa mashariki, shukuru. Utaona mabati yaliyoshika kutu rangi ya hina, minara ya misikiti, na nyuma yake maji ya bandari ya kale. Upande wa pili ni kreni za Kilindini. Adhuhuri husikii adhana moja: wa kwanza anaanza, wa pili anamfuata kabla hajamaliza, mpaka sauti zinapandana juu ya mapaa. Wiki ya kwanza niliacha simu hewani nikamsikilizisha mamangu.

Ila jihadhari na dirisha. Ilikuwa mwezi wa sita, upepo wa kusi umechachamaa, nami sijui lolote, nikalifungua nipate hewa. Risiti za mwezi mzima zikaruka chumba kizima. Mzee wa ofisi ya jirani alisimama mlangoni akinitazama nikiziokota kwa magoti, akasema, "Mwanangu, dirisha hilo lafunguliwa wakati wa kaskazi."

Sasa chini. Marikiti ni mwendo wa miguu. Jina lake la kiserikali lilikuwa Mackinnon, soko la 1914, lakini ukiuliza "Mackinnon" watakujua mgeni na bei itapanda. Nunua bizari ndani, mabuyu na achari nje. Viazi karai kula palepale vikitoka kwenye mafuta, na umwambie muuzaji ukwaju asiubanie.

Biashara Street ndiyo ninayoipenda zaidi. Ni mtaa wa leso, zikiwemo zile za Mali ya Abdulla, duka lililoanza 1887. Watu husoma jina, yaani msemo ulioandikwa kwenye leso, wakadhani wamemaliza. Wewe simama barazani uwatazame mafundi wa cherehani: leso huuzwa doti, vipande viwili vimeshikana, fundi anavikata na kuvipinda pindo wewe umesimama, miguu yake haitulii, na macho yake yako kwa wapita njia wala si kwenye sindano. Nilimpelekea mke wangu doti ya kwanza bila kusoma jina lake. Lilikuwa la kumsimanga mke mwenza. Soma kabla hujalipa.

Kuhusu nyumba: anza kisiwani, miezi mitatu hivi. Nyali ni pazuri, sikatai, lakini jioni ukiwa ndani ya matatu juu ya Daraja la Nyali, mwenzio wa Makadara ya huku kisiwani ameshakoga anakunywa kahawa chungu. Ukipata Likoni kwa bei nafuu, matatu za feri utazipata karibu na Posta, ila utaishi kwa saa za feri, si zako.

Na kabla ya kuuliza kodi, uliza maji. Mwenye nyumba wangu wa kwanza aliniapia kwamba maji yako kila siku. Kweli yalikuwako: kila asubuhi mkokoteni ulipita mlangoni na majerikeni ya lita 20, mimi nikalipa, hamali akayapandisha ghorofa ya tatu. Fungua mfereji mwenyewe, na ufungue alasiri; asubuhi hata mfereji mwongo hutoa.

Gari liache Nairobi. Na ukiwa na haja ya fundi au duka siku ya Ijumaa, imalize kabla ya saa sita u nusu, la sivyo utakuta milango imefungwa mpaka saa nane.