Tashtiti kuhusu lugha na maadili: angalia kwanza unamlenga nani

Habari ndugu. Umesema tashtiti yako, yaani maandishi yako ya kejeli, kuhusu kuporomoka kwa lugha na maadili imekwama kwa sababu kila ukiisoma inasikika kama mzee anayegombeza vijana kwa misimu yao, yaani maneno yao ya mitaani.

Tatizo liko kwa unayemlenga. Kijana anayefupisha maneno hamdhuru mtu. Lugha zote hubadilika. Maadili yanaingia pale maneno yanapotumika kuficha tendo. Soma tangazo lolote la kuachisha watu kazi: "nafasi zimepunguzwa", "hatua zimechukuliwa". Nani kazipunguza? Kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendwa ili mtendaji asionekane. Hapo ndipo pa kushambulia, tena bila huruma.

Mimi nikiandika za namna hii humfuata Karl Kraus, mwandishi wa tashtiti wa Vienna, Austria. Jarida lake, Die Fackel, lilitoka kuanzia 1899 hadi 1936, na kwa miaka mingi aliliandika peke yake. Silaha yake kubwa ilikuwa kunukuu: alizichukua sentensi za magazeti ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kama zilivyo, akaziacha zijiumbue. Kwake lugha mbovu na dhamiri mbovu zilikwenda pamoja. Hapo simfuati mpaka mwisho, maana wapo waongo wenye ufasaha wa kutisha, lakini mbinu yake inauma kweli.

Kwa hiyo futa aya zote za misimu. Chukua tangazo moja, liweke zima, halafu chini yake eleza kilichotokea kwa kauli ya kutenda: nani alimfukuza nani, na kwa nini. Maoni yako yaache nje.