Maswali ya wasomaji: B2, A19, T7, T6, barabara yetu ina majina mangapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni konda wa basi la Mtwara–Dar, naishi Chikongola. Juzi kwenye vitu vya marehemu babu nimekuta ramani ya zamani, barabara yetu imeandikwa B2 afu ukifika Mingoyo inageuka A19. Nikifungua ramani ya simu naona T7 na T6. Nimebishana na dereva wangu toka Lindi mpaka Nangurukuru, yeye anasema hizo za kwenye ramani ni barabara zingine zilishakufa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umepatia wewe, barabara ni ileile, kilichobadilika ni namba tu, na hiyo ramani ya babu itunze vizuri maana zimebaki chache.

Zile herufi A na B zinatoka kwenye mpangilio tuliokuwa tunatumia pamoja na wenzetu wa Afrika Mashariki, A ni barabara kuu za kimataifa na B ni barabara kuu za ndani ya nchi. Ndo maana A104 ilikuwa inatoka Tunduma, inapita Iringa, Dodoma, Arusha, inavuka Namanga inaingia Kenya bado inaitwa A104, haibadiliki jina kwa sababu ya mpaka. Baadae sisi tukaja na herufi T kwa barabara kuu za taifa na R kwa za mikoa, na Kenya nao mwaka 2016 wakapanga upya za kwao.

Sasa angalia kitu ambacho wengi hawakioni, na mimi kinanifurahisha kila nikikifikiria. Ile ya kutoka Dar, Kibiti, Kilwa, Lindi ilikuwa B2. Ile ya kwetu, inayotoka bandarini Mtwara kwenda Masasi, Tunduru, Songea mpaka Mbamba Bay kule Ziwa Nyasa, ndo ilikuwa A19. Yani kwenye namba barabara kubwa ilikuwa ya bandari yetu kwenda ziwani, ya Dar ilikuwa inakuja kujiunga tu. Na hata leo iko hivohivo, T7 inatoka Dar inaishia Mingoyo, hapo inaikuta T6 inayotoka Mtwara kwenda Masasi. Kwa hiyo basi lenu likitoka Dar likifika pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Mingoyo, wewe ukiwa mlangoni unaita "Masasi, Ndanda wanashuka hapa", mama mmoja anashusha ndoo yake na kuku kwenye tenga anaenda kusubiri gari upande wa pili, nyie mnakata kushoto, basi hapohapo mmeshabadilisha barabara na hakuna abiria hata mmoja aliyejua. Watu wa kusini tumezoea kusema "barabara ya Dar" kama vile ni kamba moja toka Mtwara, kumbe ni mbili zimefungwa fundo Mingoyo.

Dereva wako mwambie hakuna kilichokufa ila vipande vingi vimezaliwa upya. Kabla ya Agosti 2003 pale Rufiji hapakuwa na daraja, tulikuwa tunavuka kwa pantoni la Ndundu. Nakumbuka nikiwa na mama tumelala pale siku mbili maji yamejaa, abiria wote tumeshuka, gari zimepanga foleni mpaka kwenye migomba, mama amenifunika khanga yake moja na yeye kabaki na baridi. Daraja la Mkapa lina mita 970, siku hizi mnalipita kabla hujamaliza kukata tiketi mbili. Na daraja lilipoisha bado ikabaki Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60 za vumbi na tope, lami yake ilikuja kukamilika zaidi ya miaka kumi baadae. Hata sasa hatujapona kabisa, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua maji yakakata barabara upande wa Kilwa na kusini yote ikakaa kisiwani. Njia ya kuzunguka Songea kila mtu anaijua urefu wake.

SWALI: Mhariri, mimi nauza korosho Mtama nasafiri sana. Kwanini Kigamboni pale darajani wanalipa na sisi daraja la Mkapa tunapita bure? Au ipo siku watatuwekea geti?

JIBU: Dada yangu, bure sio. Kila lita ya dizeli na petroli inakatwa ushuru wa barabara, unaenda Mfuko wa Barabara, na ndo zinatoka hela za kuziba mashimo. Wewe unalipa kwenye nauli na kwenye kusafirisha magunia yako, hata mwenye mashine ya kusaga inayotumia dizeli na haijawahi kukanyaga lami anachangia, na hapo mimi naona anaonewa. Kigamboni ni habari nyingine, lile la 2016 lilijengwa kwa sehemu kubwa na hela za NSSF, ni akiba za wafanyakazi, lazima zirudi. La Mkapa halikujengwa hivo. Mimi siungi mkono geti Rufiji mpaka siku tutakapokuwa na njia ya pili ya kuvuka, huwezi kumtoza mtu mlango ambao hana mwingine.

SWALI: Ya Newala nayo ni T6? (Msomaji, Tandahimba)

JIBU: Hapana, T6 inazunguka Mingoyo, Nanganga, Ndanda ndo inafika Masasi. Yenu inapita Nanyamba, Tandahimba, Newala, jumla kilomita 210, lami ilianza na zile 50 za Mtwara mpaka Mnivata, 160 zilizobaki mpaka Masasi ndo mnazoziona zinajengwa hapo mlangoni kwenu.