Maswali na Majibu: Kompyuta ya Ofisi Inapomkatalia Mtumiaji Kuingia

Swali: Mhasibu wetu mpya anapoingia kwenye kompyuta iliyounganishwa na seva ya Windows, anaambiwa kwamba njia anayotumia kuingia hairuhusiwi, ingawa nywila yake ni sahihi. Je, nimweke kwenye kundi la wasimamizi ili kazi isisimame?

Jibu: Nakusihi usifanye hivyo. Ujumbe huo una maana kwamba seva imemtambua mhasibu wako, ila kompyuta ile haijampa haki ya kuingia akiwa ameketi mbele yake. Haki hiyo ni moja tu na inatolewa peke yake, ilhali msimamizi anaweza kusakinisha programu yoyote, kufungua mafaili ya wenzake na kuzima ulinzi wa virusi. Na virusi vikipenya kupitia akaunti yake, vinapata uwezo huohuo. Fungua secpol.msc, yaani dirisha la sera za usalama za kompyuta hiyo, uende kwenye haki za watumiaji, kisha usome orodha mbili: ya wanaoruhusiwa kuingia wakiwa mbele ya kompyuta na ya waliokatazwa. Soma zote mbili, kwa sababu katazo hushinda ruhusa, na mara nyingi mtu amewekwa kwenye kundi lililokatazwa bila aliyemweka kujua. Ukikuta orodha haikubali kubadilishwa, ujue kwamba sera inatoka kwenye seva, na huko ndiko pa kuirekebisha. Amri ya gpresult /h ripoti.html itakuonyesha ni sera ipi. Iwapo anaingia kutoka mbali, basi anachohitaji ni kuwekwa kwenye kundi la watumiaji wa mbali la kompyuta hiyo.

Swali: Nimemwongeza mfanyakazi kwenye kundi lenye ruhusa ya folda ya mishahara, lakini bado anakataliwa.

Jibu: Windows huorodhesha makundi ya mtumiaji wakati anapoingia, kwa hiyo atoke kabisa na kuingia upya, kisha aandike whoami /groups ahakikishe kundi limo. Likiwemo na bado anakataliwa, linganisha ruhusa za kushirikisha folda na ruhusa za folda yenyewe kwenye diski, kwa maana anayepitia mtandaoni hupimwa kwa zote mbili na iliyo kali zaidi ndiyo inayotumika.

Swali: Katika maabara ya shule yetu, kompyuta kadhaa huamka asubuhi zikidai kuwa saa na tarehe zake zinatofautiana na za seva, na wanafunzi hawawezi kuingia.

Jibu: Kerberos, utaratibu ambao seva hutumia kuthibitisha watumiaji, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Kompyuta za mezani zinazozimwa ukutani kila jioni hutegemea betri ndogo iliyo kwenye ubao mama ili kutunza saa, na betri hiyo ikichoka, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kurekebisha saa kwa mkono kutakusaidia hadi umeme utakapozimwa tena, basi badilisha betri, ambayo mara nyingi ni CR2032 na haina bei kubwa, kisha uandike amri ya w32tm /resync ili saa ifuate tena ile ya seva.

Swali: Fundi alirejesha kompyuta kutoka kwenye nakala ya zamani, na sasa inasema uaminifu kati yake na seva umevunjika. Akaunti zote za mtandao zinakataliwa.

Jibu: Kompyuta nayo ina nywila yake kwenye seva, na kwa kawaida huibadilisha kila siku 30. Nakala ya zamani imerudisha nywila ya zamani, hivyo seva haiitambui tena. Ingia kwa akaunti ya msimamizi iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi, uandike Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential na kufuatisha jina la akaunti ya mtandao yenye mamlaka juu ya kompyuta hiyo. Jibu likiwa True, watumiaji wajaribu kuingia tena. Hakuna haja ya kuitoa kompyuta kwenye mtandao na kuiunganisha upya.

Swali: Akaunti ya katibu muhtasi hujifunga kila baada ya kuifungua.

Jibu: Tafuta tukio namba 4740 kwenye kumbukumbu za usalama za seva, limeandikwa jina la kifaa kinachoifunga. Mara nyingi ni simu au kompyuta nyingine ambayo bado imehifadhi nywila ya zamani, na nywila hiyo ndiyo ya kufutwa kwenye kifaa kabla hujaifungua akaunti tena.