Kabla Hujaipiga Linux Upya: Maswali ya Wasomaji wa Tanga

Barua za Tanga safari hii zimefanana mwisho: "fundi kasema tuipige upya." Kupiga upya, yaani kuufuta mfumo na kuuweka tena, kunafuta dalili pamoja na mafaili, na mara nyingi ugonjwa unabaki palepale kwa sababu ulikuwa kwenye ruta, kwenye waya au kwenye betri ndogo ya bodi. Majibu haya ni ya Ubuntu, Linux Mint na Debian, aina tatu za mfumo wa Linux, ndizo zilizotajwa kwenye barua. Amri ziandikwe kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) kama zilivyo, nafasi na alama zake zote.

Waifai imeshika, kurasa hazifunguki

*Assalaam aleykum. Laptopu yangu ina Linux Mint. Waifai ya ofisini inashika, alama imejaa, lakini Firefox haifungui ukurasa wowote. Simu yangu kwenye ruta hiyohiyo inafungua bila shida. Msomaji, Chumbageni.*

Waaleykum salaam. Alama ya waifai inathibitisha jambo moja tu, kwamba laptopu na ruta zinasikilizana. Baada ya hapo kuna safari ndefu, na inabidi uipime kituo kwa kituo. Usiruke kituo, maana pale inapokatika ndipo pa kutengeneza.

Anza na `ip -4 a`. Tafuta kadi ya mtandao ambayo jina lake linaanza na wl, kisha uone kama ina anwani, kwa mfano 192.168.1.23. Kama haina anwani, ruta haijakupa. Inayoanza na 169.254 nayo haisaidii, hiyo laptopu imejipangia yenyewe baada ya kukosa jibu. Zima ruta kwa dakika moja, iwashe, futa mtandao huo kwenye orodha ya laptopu na uunganishe tena. Kwenye ofisi yenye watu wengi hutokea pia ruta ikawa imemaliza anwani za kugawa, na hapo anayechelewa kufika ndiye anayekosa.

Anwani ikiwepo, andika `ip route`. Mstari unaoanza na default via unataja anwani ya ruta, mathalani 192.168.1.1. Sasa piga hodi mara tatu:

`ping -c 4 192.168.1.1`
`ping -c 4 1.1.1.1`
`ping -c 4 debian.org`

Ya kwanza ikikataa, tatizo liko kati yako na ruta: mawimbi hafifu, au mtu ameipa mashine yake anwani yako kwa mkono. Ya kwanza ikijibu na ya pili ikakataa, ruta ndiyo haina intaneti, na aghalabu bando limekwisha. Kwako hilo halielekei, kwa kuwa simu inafungua. Tunachokishuku ni hodi ya tatu: 1.1.1.1 inajibu, lakini jina linarudisha "Temporary failure in name resolution". Maana yake njia ipo, ila laptopu haina wa kuigeuzia jina kuwa anwani. Kazi hiyo ni ya seva ya DNS. Tazama jina la muunganisho wako kwa `nmcli connection show`, kisha, tukichukulia linaitwa Ofisi:

`nmcli connection modify "Ofisi" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes`
`nmcli connection up "Ofisi"`

Utakutana na watu watakaokuambia uhariri faili la /etc/resolv.conf. Kwenye Ubuntu na Mint usifanye hivyo, mfumo unaliandika upya wenyewe na kazi yako itapotea ukiwasha mashine kesho. Lakini litazame: `ls -l /etc/resolv.conf`. Linatakiwa liwe kiungo kinachoelekea /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf. Programu fulani za VPN (za kupitisha intaneti kwenye njia ya siri) hulibadilisha na zikifutwa haziliachi lilivyokuwa. Ukikuta ni faili la kawaida, lirudishe:

`sudo ln -sf /run/systemd/resolve/stub-resolv.conf /etc/resolv.conf`

Huenda hodi zote tatu zikajibu na Firefox bado ikalalamika kuhusu usalama wa kila tovuti. Hapo angalia tarehe kwa amri `date`. Laptopu kuukuu ikiishiwa betri ya saa, kila ikikosa umeme inarudi miaka kadhaa nyuma. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo mashine inayodhani tuko 2012 inaviona vya leo kuwa havijaanza kazi, na `apt update` nayo itasema faili "is not valid yet". Washa `sudo timedatectl set-ntp true` ili saa ijirekebishe kwa intaneti, halafu ununue betri. Nyingi ni CR2032 ya volti 3, ya mviringo. Kwenye baadhi ya laptopu imefungwa na vijiwaya viwili, hivyo ifungue uione kabla ya kwenda dukani.

Waifai haionekani kabisa baada ya kuweka Ubuntu

*Shikamooni. Nimeweka Ubuntu kwenye laptopu niliyopewa na kaka yangu. Kwenye Windows waifai ilikuwepo, huku hakuna hata alama yake. Mwanafunzi, Makorora.*

Marahaba. Andika `rfkill list`. Ukiona "Hard blocked: yes", kuna swichi au kitufe cha kuzima waifai kwenye mwili wa laptopu. Ikiwa ni "Soft blocked: yes", andika `rfkill unblock wifi`.

Kama si hilo, andika `lspci -nnk` na ushuke hadi palipoandikwa Network controller. Chini yake panatakiwa pawe na mstari "Kernel driver in use". Ukikosekana, draiva (programu inayoendesha kifaa) haipo, na tunatabiri namba ndani ya mabano itaanza na 14e4, yaani chipu ya Broadcom. BCM43142, kwa mfano, ni 14e4:4365. Linux haiji na draiva yake ikiwa tayari.

Unapataje draiva bila waifai? Chukua simu ya Android, iunganishe kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti washa kugawa intaneti kwa USB. Ubuntu itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya, bila kuweka chochote. Fungua "Additional Drivers" (kwenye Mint inaitwa "Driver Manager"), chagua draiva ya Broadcom, subiri ijengwe.

Sehemu inayowaangusha wengi inakuja sasa. Ikiwa Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizo na saini wakati wa kuwasha) imewashwa, utaombwa kutunga nywila. Itunze. Ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu yenye "Enroll MOK" (sajili ufunguo wa draiva) na "Continue boot" (endelea kuwasha). Mkono huwa unakimbilia kuendelea, na skrini ile hairudi tena yenyewe, draiva inabaki imewekwa lakini kerneli (kiini cha mfumo) inaikataa. Chagua "Enroll MOK", kubali, andika nywila ile. Aliyekwisha kuipita aandike `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, atunge nywila mpya na awashe upya.

Umeme ulikatika katikati ya sasisho

*Habari za kazi. Nina steshenari Ngamiani, mashine ya mezani yenye Mint. Umeme ulikatika ikiwa inasasisha. Sasa inawaka mpaka skrini nyeusi, basi. Mafaili ya wateja yamo humo. Msomaji, Ngamiani.*

Nzuri, na pole. Mafaili yako yapo. Kilichokatika ni uwekaji wa paketi (mafurushi ya programu), na mfumo unakumbuka ulipoishia.

Kwenye skrini nyeusi bonyeza Ctrl+Alt+F3. Ikija sehemu ya kuandika, ingia kwa jina na nywila yako (nywila haitaonekana ikiandikwa, usishangae), kisha fuata mpangilio huu:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`
`sudo apt update`
`sudo apt full-upgrade`

Ya kwanza inamalizia paketi zilizoachwa nusu. Mbili za mwisho zinahitaji intaneti, na waya kutoka kwenye ruta ni wa kuaminika zaidi hapo. Ikikujibu kwamba kuna kufuli, "Could not get lock", ni kwamba mchakato mwingine unatumia mlango huohuo, mara nyingi sasisho la kiotomatiki. Subiri dakika kumi. Usilifute faili la kufuli kama wanavyoshauri baadhi ya watu, kwani michakato miwili ikiandika kwa pamoja ndipo uharibifu wa kweli unapoanza.

Isipofika hata hapo, huenda kerneli mpya ndiyo iliyokatikia njiani. Washa upya huku umeshika Shift, au ukigonga Esc kama mashine ni ya UEFI (mfumo mpya wa kuwashia), uingie "Advanced options", uchague kerneli ya zamani. Kwa kawaida ile ya zamani haikuguswa. Ukishaingia, baada ya amri nne za juu ongeza `sudo update-initramfs -u -k all` na `sudo update-grub`. Tazama pia `df -h`: /boot (sehemu ya diski inayohifadhi kerneli) ikiwa 100%, kerneli mpya haikuwa na pa kukaa, na `sudo apt autoremove --purge` itaondoa za zamani zilizorundikana.

Kwa steshenari tungependa uwe na UPS (betri ya akiba ya kompyuta), hata ndogo ya 650 VA. Itakupa muda wa kumaliza na kuzima kwa heshima. Ila printa ya leza usiichomeke humo. Kipashio chake cha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS ndogo itazima kila kitu kwa pamoja.

Saa tatu mbele, saa tatu nyuma

*Nina Windows na Ubuntu kwenye mashine moja. Kila nikihama, saa inapotea kwa saa tatu. Na diski D nikiwa Ubuntu haikubali kuandikwa. Msomaji, Nguvumali.*

Windows huandika saa ya hapa kwenye bodi, Linux huandika saa ya UTC (saa ya kimataifa ya rejea), na sisi tuko UTC+3. Hizo ndizo saa zako tatu. Ukiwa Ubuntu andika `timedatectl set-local-rtc 1`. Mfumo utaonya kuhusu mabadiliko ya saa ya majira. Onyo hilo ni la nchi zinazosogeza saa, Tanzania haisogezi, lipuuze.

Diski D ni jambo jingine. Windows ikiwa na Fast Startup haizimi kabisa, inalala na diski mkononi, na Linux inakataa kuiandika ili isiivuruge. Fungua Command Prompt ya Windows kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, kisha uzime kawaida. Usiilazimishe kutoka upande wa Linux.

Kebo inapitisha, lakini kwa konokono

*Sisi ni shule ya sekondari upande wa Sahare. Kutoka ofisini mpaka chumba cha kompyuta kuna kebo ya mita 60 hivi. Ruta na kadi zote ni za gigabiti, lakini kunakili mafaili hakuzidi MB 11 kwa sekunde. Tumepiga Debian upya, hali ni ileile. Mwalimu wa kompyuta.*

Mwalimu, MB 11 ndiyo kasi halisi ya kiungo cha megabiti 100. Thibitisha kwa `sudo ethtool enp3s0`, ukiweka jina la kadi yako. Ukiona "Speed: 100Mb/s", mashine zimekubaliana kushuka. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu za nyaya, pini 1-2 na 3-6. Gigabiti, yaani megabiti 1000, inazitaka zote nne. Jozi ya 4-5 au 7-8 ikilegea, kiungo hakifi, kinashuka kimyakimya.

Urefu sio tatizo, kikomo ni mita 100. Karibu na bahari tunaanza na plagi. Chumvi na unyevu hula vijipini vya RJ45 (plagi ya kebo ya mtandao), hasa vya bei ya chini ambavyo dhahabu yake ni rangi tu. Kata sentimita mbili tatu kila upande, bana plagi mpya kwa mpangilio mmoja pande zote: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usizipange kwa mwonekano ukiacha kijani pamoja na mwenzake. Jozi hiyo inagawanyika makusudi. Usifungue msokoto wa jozi zaidi ya sentimita moja na kidogo.

Ukikwangua waya ukaona weupe wa alumini chini ya rangi ya shaba, hiyo ni kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Ikikatikakatika ndani hakuna plagi itakayoiokoa, nunua ya shaba tupu. Na kulazimisha kasi ya 1000 kwa ethtool hakutasaidia, gigabiti kwenye kebo ya shaba haiwezi kukwepa majadiliano ya pande mbili.

Kabla ya kufunga dari, angalia `ip -s link show enp3s0` baada ya kunakili faili kubwa. Safu ya errors ikiendelea kupanda, bana upya.

Bando linakwisha usiku

*Natumia hotspoti ya simu na Ubuntu. Naweka GB 1, asubuhi haipo. Msomaji, Pangani.*

Ubuntu inajisasisha ikidhani ina intaneti ya bure. Iambie ukweli, ukiweka jina la hotspoti yako:

`nmcli connection modify "Simu" connection.metered yes`
`sudo snap set system refresh.metered=hold`

Zima kisha uwashe muunganisho. Ikiendelea kula, weka nethogs, fungua `sudo nethogs` ukiwa hujafungua kivinjari, uone jina la programu inayovuta. Ikiwa ni apt, andika `sudo systemctl disable --now apt-daily.timer apt-daily-upgrade.timer`, lakini tangu hapo sasisho za usalama ni jukumu lako: angalau mara moja kwa wiki, ukiwa kwenye mtandao usio wa bando, endesha `sudo apt update && sudo apt upgrade`.